Maini Mawili, Chura Mmoja

Asubuhi ile Mama Perpetua alipanda kutoka kwenye chanzo cha maji, suruali imekunjwa mpaka magotini, akasimama kwenye mlango wa maabara na kusema, "Mnyamwezi, leo nimekupikia supu. Njoo na chumvi yako."

Mihayo Kapera hakuinua kichwa. Alikuwa amemlaza chura chali juu ya kioo cha taa, anamsoma tumbo. Vyura wa kituo kile walikuwa na ngozi ya tumboni nyembamba kama karatasi ya sigara. Ukiwasha taa chini yao unaona kila kitu, moyo unavyodunda, utumbo umejikunja, na ini.

"Supu ya nini tena?"

"Ya vyura. Babu zako walibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani wakitafuna magome ya miti, wewe supu ya chura ndiyo itakushinda?"

"Babu zangu walipopita hapa chini waliwaona babu zako wamejishikiza mlimani kama kupe," Mihayo alisema. "Wakawaonea huruma, wakawaachia chumvi. Nyinyi mkaimaliza siku ile ile."

Mama Perpetua alicheka, lakini hakuondoka. Alisugua wayo wa mguu mmoja juu ya mwingine, kama mtu aliyekanyaga kitu asichokipenda.

"Basi njoo uionje. Itachemka mapema."

"Iache jikoni, nitakuja na ugali."

Alisimama kidogo zaidi, kisha akateremka kurudi kung'oa magugu. Mihayo alitupia jicho kioo cha vipimo ukutani. Joto la maji lilikuwa nyuzi kumi na saba nukta nne, palepale panapotakiwa. Akatabasamu peke yake, akamrudisha chura majini.

Miaka minne walikuwa wanafanya kazi pamoja hapo Lukwama, juu kabisa kwenye milima ya Uluguru, na kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia mwenzake sentensi iliyonyooka. Mama Perpetua Mluguru, Mihayo Mnyamwezi, watani wa tangu enzi za misafara. Bomba likipasuka, Mama Perpetua angesema Wanyamwezi wamekojoa kitandani. Mihayo akiugua malaria, angeletewa uji na kuulizwa kama wosia uko tayari, maana lile koti lake zuri linagombewa. Aliyekuwa anasikiliza kwa mbali angedhani wanachukiana. Kumbe mke wa Mihayo alipofariki, aliyetangulia kufika msibani Tabora, kwa mabasi mawili na lori la alizeti, ni Mama Perpetua, na alilala pale siku tano akiwatukana waombolezaji mpaka wakala.

*

Saa nane mchana Mihayo alisikia kimya.

Chumba cha vyura hakinyamazi. Wako sitini, na daima kuna wawili watatu wanaogombana, sauti kama mtu anayekwaruza kitana kwa ukucha. Alisimama kwenye korido na bakuli la ugali mkononi akisikiliza, na alichosikia ni maji tu yanayopita kwenye mabomba.

Alipofungua mlango hewa ilimpiga usoni kama pumzi ya mtu mwenye homa. Vyura walikuwa wanaelea, miguu wameiachia kila upande. Alitumbukiza mkono. Maji yalikuwa ya kuoga mtoto.

Akageuka kuangalia kioo ukutani. Kumi na saba nukta nne.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba jana ilikuwa kumi na saba nukta nne, na juzi, na Jumatatu. Kipimo kilikuwa kimekufa siku nne nzima, na yeye kila asubuhi alikuwa anakitabasamia.

Chanzo cha maji nacho hakikuwa kile cha zamani. Wiki iliyopita moto ulikuwa umeunguza msitu wa juu, ule uliokuwa unakifunika kijito. Sasa maji yalipita juu ya mwamba mtupu, na jua la miaka hii si jua la kuchezea mwamba. Kufikia saa tano asubuhi kijito kilikuwa kinaingia chumbani kikiwa moto. Mtu pekee aliyekuwa na njia ya kujua ni yule aliyesimama ndani yake kwa miguu yake.

Mama Perpetua alimkuta ameziba bomba kwa fulana, anamwaga maji ya mtungi mmoja baada ya mwingine. Alichukua mtungi wake. Walifanya kazi hivyo mpaka mitungi yote ya akiba ilipokwisha, na wakabaki wamesimama, mikono inachuruzika maji.

"Nilikuambia," Mama Perpetua alisema.

"Uliniambia supu."

Aliyafikiria yale maneno. Mihayo aliona anavyoyafikiria, mdomo umefunguka kidogo.

"Ndiyo," akasema. "Nilisema supu."

*

Vyura wale waliitwa walezi. Kila mmoja alibeba ndani ya ini lake mche wa ini la binadamu, uliokatwa kwa mgonjwa mwenyewe ukiwa mdogo kama punje ya mtama. Wagonjwa walikuwa watu walioliwa maini na sumu ya mahindi yenye ukungu, na kwa joto la nchi nzima hakukuwa tena na ghala lisilo na ukungu. Mche ulikua taratibu ndani ya chura kwa miezi minne, kisha ukarudishwa kwa mwenyewe. Mwili wake haukuukataa, maana ulikuwa nyama yake.

Sharti lilikuwa moja tu, baridi. Chura hana moto wake mwenyewe, anavaa joto la maji aliyomo kama nguo. Maji yakipanda, ini ndilo linaloanza kulipa. Kwanza linachoma sukari liliyojiwekea. Sukari ikiisha, mafuta yanajaa ndani yake kama kwenye sufuria isiyooshwa. Mwishowe zinaamka seli nyeusi, zile ambazo siku za kawaida ni wafagiaji tu, zinazoa taka. Chura akiungua zinazaliana na kufagia kila kitu, na mche wa mtu hazijui kuutofautisha na taka.

Ndiyo maana walikuwa wanasoma rangi. Karatasi ya wakubwa ilikuwa na namba, moja mpaka tano, lakini Mama Perpetua aliziona namba hazina ladha, akazipa majina ya jikoni: tui, karanga, chai, kahawa, masizi. Hata madaktari wa mjini siku hizi walisema hivyo hivyo. Na macho yake yalikuwa makali kuliko ya mtu yeyote aliyesomea. Mihayo, pamoja na diploma yake iliyotundikwa ukutani, alikuwa wa pili kwa mbali.

Kwa hiyo kazi ilikuwa hivi. Mihayo alisoma kwanza na kuandika. Mama Perpetua alisoma baadaye bila kuona kilichoandikwa, na huyo aliitwa jicho la pili. Wakitofautiana, lililofuatwa ni jicho la pili, kwa sababu lenyewe halikujua chura yupi ni wa nani. Daftari la majina lilikuwa kwenye droo ya Mihayo, na funguo shingoni mwake.

Mama Perpetua alijua kwamba mwanawe yumo. Perpetua mwenyewe, miaka ishirini na sita, alikuwa amelazwa mjini Morogoro mwezi wa tatu sasa, macho ya njano kama ndizi mbivu. Mche wake ulibakiza wiki tatu tu ukomae. Lakini yumo kwenye chura yupi kati ya sitini, mama hakujua, na hakuwahi kuuliza. Alikuwa anawaamkia wote. Kila asubuhi alipita kwenye mabeseni moja moja, "Mmeamkaje, wanangu," sitini nzima, kisha ndipo aliposhuka kwenye maji.

Mihayo alijua. Perpetua alikuwa namba thelathini na moja.

*

Kwa saa nzima walisoma matumbo. Masizi. Masizi. Masizi. Kahawa, lakini mche umeshafagiwa. Masizi. Mama Perpetua aliwapanga waliokwisha kwenye kitambaa cheupe, mmoja mmoja, amewafunika miguu.

Walipomaliza, miche iliyobaki hai ilikuwa miwili. Namba nane na namba thelathini na moja.

Mihayo alitoka nje na redio, akampata Dakta Bhoke mjini.

"Mlezi mzima mnaye?" Dakta aliuliza.

"Mmoja. Alikuwa na kidonda mguuni, hakupandikizwa mche, nilimtenga kwenye mtungi wa udongo huko nyuma. Huyo hajaguswa na joto."

"Miche hai?"

"Miwili."

Redio ilikwaruza.

"Miwili kwenye mlezi mmoja haikai, itauana. Na hao waliomo watakufa kabla ya jioni. Fuateni rangi, Mihayo. Ini lenye rangi nyepesi ndilo lenye mche uliopona zaidi. Uhamishe kwa sindano sasa hivi, umteremshe mlezi mwenyewe. Gari litakusubiri barabarani."

"Dakta, jicho la pili ni Mama Perpetua."

"Ana mtu humo?"

"Anaye. Ila namba haijui."

"Na wewe unaijua."

"Mimi ndiye mwenye daftari."

"Basi macho yake ni safi kuliko yako. Andika, halafu asome."

"Na yule wa pili? Tukianza mche mpya?"

"Miezi minne," Dakta Bhoke alisema. Alikuwa mtu mwema na hakuongeza kitu. Wote wawili walijua Perpetua amebakiza wiki ngapi za kuishi.

Mihayo aliwaleta wale wawili mwenyewe, akawalaza kwenye vioo viwili. Namba nane kushoto, thelathini na moja kulia. Akawasha taa.

Hakuhitaji kuinama. Wa kushoto alikuwa chai, chai ya rangi iliyokaa sana, lakini chai. Wa kulia alikuwa kahawa. Tofauti ilikuwa ndogo kama ya vidole viwili vya mkono mmoja, lakini ilikuwepo.

Alikaa na kalamu. Alijiambia mambo ambayo mtu hujiambia. Kwamba mtu wa kushoto hamjui na hatamjua kamwe. Kwamba kahawa nyepesi na chai nzito ni ndugu, mtu yeyote angekosea. Kwamba huyu mwanamke alimletea habari asubuhi kwa miguu yake, na yeye akamjibu kwa ugali. Deni lile angelilipa wapi pengine kama si hapa? Na sauti nyingine ikamwambia, sauti kavu ya darasani, kwamba yule wa kushoto naye ana mtu anayemwamkia asubuhi, na kwamba mche wa kahawa ukihamishwa unaweza kufa hata huko, basi wafe wote wawili kwa ajili ya aibu ya Mihayo.

Akaandika: Kushoto, kahawa. Kulia, chai.

Akaifunika karatasi kwa kiganja, akamwita. Alipokuwa anamsikia anakuja alijikuta anaomba kitu cha ajabu. Aliomba jicho la pili likosee. Miaka minne halijawahi kukosea, leo likosee mara moja tu, kwa machozi, kwa uchovu, kwa chochote.

Mama Perpetua aliinama juu ya kioo cha kushoto. Akaenda kulia. Akarudi kushoto. Alifuta uso kwa mkono wa blauzi, akaangalia tena, taratibu, kama mtu anayechambua mchele wa wageni.

"Hawa wanakaribiana," alisema.

"Wanakaribiana sana," Mihayo alisema upesi. "Ukisema ni sawa sawa, naandika sawa sawa. Nachagua mimi."

"Siyo sawa sawa." Alisogeza taa. "Huyu wa kushoto ni chai. Imekolea, lakini chai. Wa kulia ameshaingia kahawa, ona hapa pembeni, madoa yameshikana. Wewe umeandikaje?"

Mihayo aliondoa kiganja.

"Mh. Macho yako yamezeeka, Mnyamwezi," akasema kwa upole. Akachukua kalamu, akakata maandishi yake, akaandika yaliyo kweli, na kuweka saini.

Sindano ilichukua dakika sita. Mikono ya Mihayo ilifanya kazi vizuri, na aliichukia kwa hilo.

*

Walikaa nje kwenye ngazi wakisubiri mlezi azinduke kutoka kwenye dawa ya usingizi. Sanduku la baridi lilikuwa kati yao. Chini, mashamba ya kabichi yaliyokauka yalishuka ngazi kwa ngazi mpaka yalipopotelea kwenye vumbi la bonde.

"Yule wa kulia ndiyo basi?" Mama Perpetua aliuliza.

"Ndiyo basi."

"Maskini. Na mwenyewe atapelekewa habari na nani?"

"Na mimi."

"Uende mpaka kwake?"

"Sihitaji kwenda mbali." Alivua funguo shingoni. Daftari alikuwa ameshalitoa drooni, amelishika chini ya koti. Alilifungua kwenye ukurasa wenyewe na kuliweka juu ya magoti yake, kisha akaona hana haki ya kumwachia karatasi iseme. "Dafroza," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo, kwa jina lake mwenyewe. "Wa kulia alikuwa Perpetua."

Mama Perpetua alimwangalia.

"Mtani, leo siyo siku yake."

"Siyo utani, dada yangu."

Alingoja. Mihayo alijua anachongoja, maana hata yeye angekingoja, ile sekunde ambayo mtu anashindwa kujizuia, bega linatikisika, anacheka. Ikapita. Ikapita na nyingine. Kidole chake kilishuka kwenye ukurasa, kikafika kwenye jina, kikakaa hapo.

Hakulia kwa sauti. Alijikunja mbele kama mtu aliyebeba kuni nyingi, akabaki hivyo, na Mihayo hakujua mkono wake auweke wapi, akauweka juu ya ngazi, karibu naye.

Mama Perpetua alisema, bado ameinama, "Wewe uliandika kulia chai."

"Ndiyo."

"Hukuona vizuri?"

"Niliona vizuri."

"Kwa hiyo ningekosea, ungenyamaza."

"Ningenyamaza."

"Na mimi ningeshukuru Mungu," alisema. "Ningechinja kuku. Ningemla yule mtu na kuku, nisijue." Akainua uso. Ulikuwa umezeeka. "Ungeniambia mapema, Mihayo. Ungeniambia ni nani kabla sijainama, ningesema chai. Naapa kwa Mungu ningesema chai."

"Najua."

"Ndiyo maana hukuniambia?"

Alitafuta jibu la kweli na kuona yako mengi na hakuna hata moja zuri. "Nilitaka ukosee mwenyewe," akasema. "Ili isiwe mimi wala wewe."

Alilitafakari hilo. Hakumsamehe, wala hakumlaani. Chura alipiga teke dogo ndani ya sanduku.

"Huyo ni wa nani?"

"Haturuhusiwi."

"Mihayo."

Alifungua ukurasa wa namba nane. "Mwanamume. Miaka arobaini na minne. Basi, hakuna kingine kilichoandikwa."

"Ana watoto?"

"Haijaandikwa."

"Sema anao."

Mihayo alimwangalia. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakuwa yanacheza.

"Anao," akasema.

"Wangapi?"

"Watatu."

"Wa kwanza?"

"Msichana," Mihayo alisema. "Kidawa. Mrefu, anatembea kichwa kimeinamishwa kwa sababu ya urefu. Anafuga bata, kila bata ana jina."

"Wa pili?"

"Msichana pia. Huyo ni muongo. Alimwambia jirani kwamba baba yao ni rubani."

Kitu kilipita mdomoni mwa Mama Perpetua, kikapotea. "Na wa mwisho?"

"Wa mwisho bado mdogo. Anaitwa Hamadi. Halali mpaka baba amguse kisigino. Sasa baba yuko hospitali, basi dada zake wanagusa kwa zamu, lakini anajua siyo yeye."

Aliona ameongeza chumvi mno, na kwamba Mama Perpetua anajua kila neno limetungwa hapo hapo kwenye ngazi. Lakini alikuwa anasikiliza kwa mwili mzima, mikono imeshikana mapajani.

"Kisigino," alisema.

"Kisigino."

Mama Perpetua akashika mkanda wa sanduku, akajitwisha begani, akajaribu uzito, na kusimama.

"Haya, nyanyuka," alisema. "Tumpelekee baba yao. Tukimfikisha huyu, utanipeleka kwa mwanangu."